Mlango wa Kumi: Maisha ya Mirriam Syombua Kiilu, 1931–1987

Wapendwa mliofika hapa makaburini Lang'ata leo, Jumamosi tarehe 16 Mei 1987, haya ni maisha ya Mirriam Syombua kama walivyoyakumbuka waliokaa naye. Anayeyasoma ni Ndindi, binti wa marehemu dada yake, ambaye hajalala vizuri tangu Jumanne na anaomba asamehewe akikosea mstari. Penye tarehe, tarehe ni ya kweli, na penye kipimo, kimepimwa. Marehemu hakupenda mambo ya kukisia.

Mirriam Syombua alizaliwa tarehe 3 Machi 1931 huko Kangundo, wilaya ya Machakos, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Kiilu na mkewe Ndindi. Msomaji wenu ndiye aliyepewa jina la bibi huyo, na kwa desturi ya Wakamba marehemu alimwita mpwa wake "mama" tangu akiwa wa kubebwa. Akimtuma dukani alimwambia, "Mama, kimbia uniletee chumvi, na usikawie, mtoto wako ana njaa." Alimwita hivyo mpaka Jumanne hii.

Alianza shule ya misheni mwaka wa 1940 na kufika darasa la nne. Mwaka wa 1944 baba yake aliamua wavulana watangulie, yeye asubiri zamu yake. Zamu haikufika. Alitoka shuleni akijua kujumlisha, kutoa na kugawanya, na kwa hesabu hiyo hiyo alikuja kufanya mambo ambayo wenye digrii hawakuyafanya.

Mnamo 1948 aliolewa na Bwana Makau, dereva wa lori, wakaishi Pumwani, Nairobi. Ndoa hiyo ilidumu miaka sita, na familia imekubaliana isemwe hivyo tu. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo lisiposemwa, mengine hayataeleweka. Siku moja ya Agosti 1954 marehemu alirudi kutoka sokoni akakuta kufuli mpya mlangoni na nguo zake zimefungwa kwenye gunia kibarazani. Chumba kilikuwa cha jina la mume. Siku hizo mwanamke asiye na mume hakuwa na chumba, na asiye na chumba hakuwa na kibali cha kukaa mjini. Februari 1955 alinaswa kwenye msako akafungwa miezi saba katika gereza dogo la wanawake ng'ambo ya mtaa wa Mbotela, lile ambalo watu wa mtaa waliliita Mawe.

Alikaa seli ya kumi, mwisho wa korido ya kaskazini. Mlango wake ulikuwa na upana wa inchi ishirini na mbili, ili mtu apite peke yake, tena upande upande. Tunajua inchi hizo kwa sababu fundi wa gereza alikosa wa kumshikia futi kamba, akapewa Syombua. Kwa miezi mitatu alipimishwa kila ukuta wa jengo lililomfungia. Alikuwa akisema kwamba huko ndiko alikomalizia darasa la tano.

Mwaka wa 1961 aliajiriwa kufagia na kupika chai katika ofisi moja ya wachora ramani mjini. Alifagia polepole, kwa kuwa alikuwa anatazama. Mwaka wa 1966 mnakili mmoja aliugua kazi ikiwa imerundikana, na marehemu akaweka ufagio chini akaomba kalamu. Alikuwa mnakili wa ramani wa ofisi hiyo hadi alipostaafu mwaka wa 1981. Ndani ya kazi hiyo, Juni 1976, ililetwa mezani pake ramani ya Mawe, ainakili. Gereza lilikuwa limefungwa miaka miwili kabla na kugeuzwa stoo ya viti vibovu. Alitafuta seli ya kumi kwa kidole akaiona. Alinakili kazi ya watu kama alivyoagizwa, kisha akaomba karatasi zilizoharibika, akaja nazo nyumbani.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya kanisa, meza ya chumba chake cha Mbotela haikuliwa chakula. Ndindi alikulia chini ya meza hiyo. Marehemu alichora Mawe upya, liwe makao ya wanawake waliofungiwa nje kama yeye: wajane waliofukuzwa na mashemeji, wasichana waliorudishwa na mimba, wazee wasio na mtu. Kila seli mbili zingekuwa chumba kimoja, na komeo za milango yote zingehamishiwa ndani. Mnara wa askari ungebeba tangi la maji, na chumba cha bwana jela kiwe cha akina mama waliojifungua. Ukuta wa mbele ungepunguzwa mpaka kimo cha kiti, wazee waukalie na kuwaona wapita njia. Majirani walimcheka. "Kwani mnataka kujifunga wenyewe?" walimwuliza. Naye alisema, "Mimi nishafungiwa nje, nishafungiwa ndani. Hii ya tatu, kufuli ni yangu."

Mlango ndio uliomsumbua zaidi. Njoki Wanyoike, muuza mboga wa soko la Jericho, ndiye aliyekuwa kipimo chake. Siku moja alisimamishwa uani, beseni la nguo kiunoni na mtoto mgongoni, akazungushwa futi kamba.

"Simama vizuri, usijibane," marehemu alimwambia.

"Sijajibana. Hii ndiyo mimi."

"Basi hiyo ndiyo nataka."

Ikatoka inchi thelathini na nane. Vitabu vya ofisini vilisema thelathini zinatosha. "Hiyo ni ya mwanaume anatembea mikono mitupu," marehemu alisema, akaandika thelathini na nane penye kila mlango.

Ramani ilipelekwa katika ofisi yenye jengo la Mawe mwezi Machi 1979. Jibu lilikuwa kwamba atajulishwa. Aliandika barua nyingine nane, na anayesoma ndiye aliyezipiga taipu. Mwaka wa 1982, labda kwa kuchoshwa, ofisi iliwapa marehemu na wenzake korido ya kaskazini peke yake, vyumba kumi, kwa ruhusa ya mwezi hadi mwezi, ramani ikiendelea kungojewa. Wanawake kumi wakahamia na watoto wao. Ukuta haukupunguzwa, mnara haukubeba tangi, na kila mmoja alipata seli moja badala ya mbili. Tusidanganyane, hayakuwa yale aliyochora. Lakini komeo zilihamia ndani wiki ile ile, na milango ikaanza kupanuliwa, mmoja baada ya mwingine, kwa mkono wa fundi Bedan. Marehemu alichukua seli ya kumi na kusema wa kwake uwe wa mwisho. "Mimi sina beseni wala mtoto mgongoni. Napita." Milango tisa ilikuwa imekamilika ilipokuja barua ya Oktoba 1985: jiwe lingine likiguswa kabla ramani haijapitishwa, ruhusa itafutwa na wote watoke. Boriti ya zege ya kukaa juu ya mlango wa kumi ilikuwa imeshamwagwa tayari. Ikabaki uani, na wanawake wakawa wanaikalia wakimenya viazi.

Mwaka jana miguu yake ilianza kuvimba, na pumzi ikawa fupi. Alilazwa mara mbili, na kila mara aliomba kurudi kwake. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 12 Mei 1987, saa moja na robo, alimwomba Ndindi amfungulie dirisha, akamwita mama, akatulia.

Sehemu inayofuata wengine walishauri isisomwe. Gari la kumpeleka chumba cha maiti lilipofika, machela haikuweza kukunja kona kutoka kwenye korido ile ya futi tatu. Mtu aliyelala hapiti mlango wa seli ya kumi. Ilibidi asimamishwe. Njoki alimshika mbele na Jecinta, fundi cherehani wa chumba cha saba, akamshika nyuma, wakapita naye upande upande. Mwanamke aliyekwisha kufa alitolewa kwake kwa miguu yake, jinsi alivyoingizwa mwaka wa 1955. Ndindi aliyaona hayo na hajui atayaweka wapi.

Kesho yake wanawake waliketi juu ya ile boriti kupanga mazishi. Wekulo, mkubwa wao kwa umri, aliuliza kile ambacho kila mtu alikuwa anakikwepa.

"Mtu lazima aingie kwake mara ya mwisho. Huyu na sanduku ataingia aje?"

"Na ile barua?" Jecinta akasema. "Wakitutoa, hawa watoto tutawapeleka wapi?"

Ndindi ni karani, na anajua barua zinavyojibiwa, lakini akashauri waombe ruhusa kwanza. Ni ushauri ambao anauonea haya leo. Njoki hakumtazama hata.

"Mimi nimemshika amesimama, Jecinta. Na wewe umemshika. Mimi simsimamishi tena."

Jecinta aliinuka, akajipangusa rinda. "Basi tokeni hapo. Mmekalia mlango wake."

Fundi Bedan alipoitwa alisema ana watoto na hataki maneno na ofisi. Akaegemeza nyundo, tindo na miti ya kushikilia ukuta pale koridoni, akaenda kunywa chai ya siku mbili. Wanawake walikuwa wamemtazama akifanya milango tisa. Aya hii ilichapwa Ijumaa jioni, simenti ikiwa mbichi, kwa sababu Njoki alisema kufikia wakati wa kusomwa yatakuwa yametendeka. Nayo yametendeka. Leo saa mbili asubuhi Mirriam Syombua aliingia kwake kwa sanduku, amelala, akakaa saa moja, akatoka amelala. Hakuna aliyegonga kiwiko.

Bwana Irungu wa ofisi yenye jengo ameketi safu ya pili, na tunamshukuru kwa kuja. Ramani ya mlango huo imechapwa mgongoni mwa programu aliyoshika, pamoja na vipimo na nafasi ya sahihi. Akitaka kujua nani aligusa jiwe, asisumbuke kuuliza. Majina yanafuata, maana ndiyo yale yale ya walioachwa na marehemu.

Ameacha mpwa, Ndindi, aliyebeba kokoto kwa sababu mikono ya karani haijui nyundo. Ameacha dada wa nyumba moja: Njoki Wanyoike, aliyeshika nyundo, Jecinta Nalianya, aliyeshika tindo, Wekulo, aliyekaa kwenye kiti na futi kamba na kukataa inchi thelathini na saba, na wenzao sita walioinua boriti pamoja. Ameacha watoto kumi na wanane wa korido ya kaskazini, ambao hawakugusa kitu. Na ameacha ramani moja, ambayo inangoja jibu mwaka wa tisa sasa.

Mungu amlaze Mirriam Syombua, na asiwepo wa kumsimamisha tena. Mlango wake tumeuacha wazi.