Magunia Manane ya Bi Inshirah

Wasikilizaji wapendwa, Jumanne tumemzika Bi Inshirah, mkulima wa maharage. Wengi wenu mlikula maharage yake asubuhi bila kulijua jina lake. Basi jina ni hilo: Inshirah, mama wa Rawya.

Alifiwa na mumewe wakati Rawya bado ananyonya. Arubaini haijaisha, shemeji yake, Abdulmaujud, akalichukua shamba jeusi la kando ya mfereji. Mjane akapewa mchanga kule jangwani. Hakubishana. Aliomba tu magunia manane ya udongo, kutoka pale alipozoea kupanda maharage na marehemu. Shemeji akacheka mbele za watu. "Chukua, mama Rawya. Ukishiba matope, njoo nikuongeze."

Udongo ule ulikuwa na bakteria, wasikilizaji. Viumbe wadogo, hawaonekani kwa macho. Huingia kwenye mizizi ya maharage, wakajenga vinundu, wakaulisha mmea kwa kile wanachokinasa hewani. Mchanga haukuwa nao. Mwaka wa kwanza alichanganya mbegu na udongo ule juani. Maharage yakatoka manjano. Jua huwaua bakteria hao, wasikilizaji. Mwaka wa pili alichanganya kivulini, kwa maji yenye asali ya miwa. Akang'oa mche, akapasua kinundu kwa ukucha. Ndani chekundu kama nyama. Kizima. Akaanza kucheka peke yake shambani.

Abdulmaujud naye aliuchuna udongo wa juu wa shamba lile, akawapa wachoma matofali. Bi Inshirah aliposikia kwamba jasho la mumewe limekuwa ukuta wa mtu, hakulia. Alisubiri.

Mwaka wa saba, mwezi wa sita, shemeji akabisha hodi. Maharage yake hayashiki, anaomba udongo. Alikaribishwa chai. Magunia manane yakajazwa mbele yake, yakapandishwa juu ya paa la mjane, yakafunikwa plastiki nyeusi. "Nakutunzia mpaka msimu, shemeji," akamwambia. "Watu wasije wakakuibia." Shemeji akashukuru mpaka mlangoni.

Miezi minne ya jua, wasikilizaji. Miezi minne.

Maharage ya Abdulmaujud yakatoka manjano. Mwaka uliofuata, manjano tena. Akachoka, akaliuza shamba. Aliyelinunua ni Bi Inshirah, na hati ikaandikwa jina la Rawya. Akaurudishia udongo wake uhai, gunia kwa gunia, kivulini.

Je, alijuta? Rawya anasema: "Hata kidogo. Mama alisema alimpa alichoomba."

Jumanne mzee Abdulmaujud alikuja msibani. Rawya alimpa kahawa chungu, akamsimulia habari ya paa. Mzee akainuka, akang'oa mche mmoja ukingoni mwa shamba, akapasua kinundu, akautazama ule wekundu.

"Kumbe nilipanda maiti."

"Ndiyo, ami," akasema Rawya. "Kahawa yako inapoa."

Familia yote, poleni sana. Mungu amlaze mama yetu mahali pema. Nasi tulio hai tujitafakari. Na wewe unayekalia shamba la yatima, mtazame vizuri mama yake anapokunyamazia.