Fabian Wilbrod, Dereva Aliyepima Mitungi ya Gesi

Ndugu waombolezaji, mliosimama juani mtuvumilie, maisha ya mdogo wetu Fabian hatuyasomi mbiombio.

Fabian Wilbrod alizaliwa Chole, Kisarawe, tarehe 3 Juni 1934, akasoma mpaka darasa la nne, mwaka 1947, na hakuona haya kulisema. Februari 1962 aliajiriwa udereva kwenye bohari moja hapa Kongowe, Kibaha, na tarehe 9 Oktoba 1965 akamuoa Paskalia, harusi aliyoicheza mpaka kiatu kikaachia soli, mbavu zikatuuma kwa kicheko, wakajaliwa Adventina na Wilhelmina.

Kazi yake ilikuwa kupeleka Dodoma mitungi ya haidrojeni, ile gesi nyepesi ya kurushia maputo ya wapima hali ya hewa, roli likitapika moshi mweusi njia nzima, likinywa dizeli hii hii tunayoipangia foleni. Machi mwaka huu, 1983, akaweka mtungi mtupu kwenye mizani ya korosho, akaweka na uliojaa, chuma kilo sitini, gesi haikufika hata kilo moja. Akamwendea meneja wake, Bwana Andrew, akamwambia, “Mzee, sisi tunasafirisha chuma, tupakie kwenye treni basi, mafuta kidogo na moshi kidogo, au uwekwe mtambo gesi itengenezwe kule kule.” Bwana Andrew akamjibu, “Darasa la nne unanipigia mahesabu? Kama mizani haikuiona gesi, umeiuza wewe.”

Wakati ule wahujumu uchumi wanasakwa, neno hilo lilitosha. Alikamatwa tarehe 11 Aprili, akaachiwa tarehe 2 Agosti bila kesi, kifua kimeharibika, mtaani wanamwita Muuza Hewa, na roli bado linakwenda Dodoma na vyuma vyake. Kila siku alimuuliza Paskalia kama barua ya kumsafisha jina imefika kutoka boharini, haikufika, akafariki hospitali ya Tumbi, tarehe 20 Novemba 1983.

Tunawashukuru madaktari na manesi wa Tumbi, majirani mliopika tangu juzi, madereva wenzake mliochimba kaburi. Na wewe Bwana Andrew, tumekuona na suti yako umejipanga na wabeba jeneza. Sema kwanza, mbele ya Paskalia na wanawe, kwamba Fabian hakuwa mwizi, mdomo unao, tunakusubiri. Ukishindwa, toa mkono wako hapo, watambeba wanaomjua.

Fabian, mdogo wetu, lala, baba, umechoka.