Batholomeo, Dirisha Lake na Kiberiti Changu

Bwana Batholomeo amepima vyoo vya watu katika zahanati hii miaka thelathini na mmoja. Tarehe 30 Juni anastaafu, anarudi kwao Chemba kulima alizeti. Kamati imeniomba niandike mimi, mfagiaji wa zamani niliyeishia darasa la nne, kwa sababu hao waliosoma wote wamemkuta hapa. Basi msinisahihishe.

Alikuja mwaka 1994, mwembamba, na darubini isiyotumia umeme. Aliiweka dirishani, akageuza kioo chake kidake jua, na dirisha lile hakumwachia mtu. Wingu likitanda alitoka nje kulikodolea macho. Sisi Wagogo tunaomba mvua mwaka mzima, yeye anaifukuza. Tulimtania mpaka akazoea.

Wagonjwa walileta choo kwenye kisanduku cha kiberiti. Alichukua kidogo kwa kijiti, akakikoroga kwenye kioo na tone la maji ya chumvi, akainama kutafuta mayai ya minyoo. Mtu aliyekuja ameshika tumbo tu anadai dawa, alirudishwa nyumbani akalete kiberiti. Wengi walinuna. Wengine baadaye walionekana hawana mnyoo hata mmoja, wana vidonda vya tumbo, wakaja kumshukuru kwa aibu.

Siku za kugawa dawa za minyoo shuleni, watoto walificha vidonge chini ya ulimi. Batholomeo akaweka sheria: ukishatafuna, unamwamkia mwalimu mkuu kwa sauti. Mwalimu aliitikia marahaba mia nne siku hiyo, kesho yake hakuweza kusema.

Sasa niseme ambalo hamlijui. Mwaka 2003 mjukuu wangu Loisi, ana miaka minne, alipauka viganja. Akawa anabandua udongo wa ukutani anakula, akipanda ngazi tatu za zahanati anahema. Batholomeo alimwona, akaniagiza kiberiti. Mimi ndiye niliyekuwa nawasema akina mama wa mtaa wetu wote wa Miyuji kwa uchafu wa watoto wao. Niliona heri nife kuliko wanicheke. Nikaweka choo changu, nikakipeleka kwa jina la Loisi.

Alitazama, akaniita pembeni.

"Mama Antonia, minyoo sijaiona. Nimeona mbegu za pilipili kichaa. Loisi anakula pilipili?"

Na mla pilipili katika zahanati nzima alikuwa mmoja. Nikatazama sakafu niliyoifagia mwenyewe.

"Kesho niletee cha mtoto," akasema. "Tutajua mimi na wewe tu."

Nikaleta. Ilikuwa safura, mayai tele. Minyoo hiyo humwingia mtoto miguuni akitembea pekupeku penye kinyesi, ikafika utumboni, ikakaa inanyonya damu. Loisi alipewa dawa ya minyoo, na ya kuongeza damu miezi mitatu. Mganga wetu wa zahanati alinieleza kwamba ningeendelea na ujinga wangu mwezi mmoja tu, tungezika. Batholomeo alikuja nyumbani Jumamosi kukagua choo chetu na kuona kama mtoto ana viatu. Hakuwa navyo. Alinisema, na mimi nikanyamaza, jambo ambalo halijatokea tena.

Leo Loisi ni mwalimu, ana mtoto wake.

Miaka yote iliyofuata, mpaka nilipoacha kazi, tulikula pamoja mchana. Alinisogezea pilipili wala hakutabasamu. Hakumwambia mtu. Ninasema mwenyewe leo, mbele ya wale akina mama niliowasema, ili mjue tunamwachia nani aende.

Juzi nilipita maabara. Darubini mpya ya umeme imewekwa kando ya ukuta, mbali na dirisha. Kiti chake kiko pale pale, jua limekikalia. Nikachukua ufagio ambao si wangu tena, nikafagia chini yake. Nyie vijana mna vikopo vya plastiki na kompyuta. Vizuri. Jifunzeni na kufunga mdomo kama yeye.

Batholomeo, tunakushukuru kwa macho yako, na mimi nakushukuru kwa ulimi wako. Ukae salama huko kwenu, mvua inyeshe kwenye alizeti, na usithubutu kuifukuza. Nimekufungia pilipili kichaa kwenye mfuko wa khaki. Ukizila utukumbuke; sisi huku, kila jua likiingia lile dirisha, tutageuka kuangalia kama umeinama.