Mgongo Ulikataa Jembe, Mikono Ikakubali Kuchomelea

Wewe uliyekaa mbele na wewe wa pale mlangoni, wote nawahesabu rafiki zangu wa ndani, ndiyo maana leo nasema bila kuficha. Bwana asifiwe.

Mimi ni mtu wa kijiji cha Titye, mtu wa jembe. Nilianguka na mzigo wa mihogo kwenye mteremko, mgongo ukaharibika. Hospitali wakaniambia, mama, kuinama shambani basi. Ndugu zangu, nawaambia, kwetu mwanamke asiyelima anakuwa kama mgeni kwenye nyumba yake. Majirani wakawa wanasema, "Huyo siku hizi bosi, analimiwa."

Nikaanza masomo ya jioni ya watu wazima, Kasulu. Mwalimu wetu, mtu wa mkoa mwingine, akatufundisha kutengeneza taa za sola. Ndani kuna vipande vidogo kuliko punje ya ulezi. Unakishika kwa kibano, unakigandisha kwa risasi iliyoyeyuka upande mmoja, kikishika unaenda wa pili. Pumzi unaibana. Nikaipenda, maana ni kazi ya kukaa.

Muuza duka mmoja, Muislamu, mtu wa heshima zake, akaniletea taa nyumbani. "Dada, hii ikiwaka, zote zilizokufa dukani nakuletea wewe. Isipowaka, napeleka kwa fundi wa kule Kibondo." Kipande cha kufaa nilikuwa nacho kimoja tu, nimekitoa kwenye taa nyingine mbovu.

Basi nimekibana hivi, mama mkwe anaingia. Nyie mnazijua salamu zetu Waha: unainama, unapiga makofi polepole mpaka mkubwa aridhike. Mikono ikawahi kuliko akili. Nikaachia kila kitu, nikapiga makofi. Kipande kikaruka, na sakafu yenyewe ya udongo.

Nikalia. "Mama, kazi yangu imeishia hapo." Nikajua atanicheka, maana yeye kazi hiyo aliiita michezo ya watoto. Akauliza tu, "Kinafananaje?"

"Cheusi, kama punje ya ulezi."

"Lete ungo."

Akafagia taratibu, akamwaga vumbi kwenye ungo, akawa anatikisa na kuchambua, huku ananitania: "Nachambua mawe kwenye ulezi tangu hujazaliwa. Hicho chako kitajificha wapi?" Mimi naomba kimoyomoyo. Mara akainua kidole alichokilowesha mate, kitu kimenata kwenye ncha. "Ni huyu mtoro wako?"

Alikuwa ndiye. Nikakisafisha, nikashika tena chuma cha moto. Mama mkwe akaenda kukaa mlangoni. Jirani akaja na makofi yake, nikasikia anazuiwa: "Ngoja hapo nje. Mkamwana wangu ameshika moto. Salamu haiozi."

Kiliposhika pande zote mbili, nikabonyeza swichi. Taa ikawaka, mama mkwe akaziba macho kwa kanga, anacheka.

Muuza duka alitimiza neno lake, na mpaka leo nakula kwa kazi hiyo. Namshukuru Mungu, namshukuru mwalimu, na huyo mama mkwe ambaye jina lake silitaji, asije akaniona najisifia ukoo. Nilichojifunza ni hiki: anayeicheka kazi yako nyumbani, mwonyeshe ulipokwama. Huenda mikono unayoihitaji ni yake.

Mkitoka hapa, kama kuna mama ambaye mwili umemkatalia shamba, mfikishieni maneno haya. Msianze na taa. Anzeni na siku nilipolia sakafuni, ndipo atawasikiliza.