Mama Bakhtawara na Ndovu wa Mfalme

Wasikilizaji wapendwa, hapa ni Jalalabad, na leo sitapunguza sauti. Msiba upo, ndiyo. Lakini mwanamke tunayemkumbuka alishinda, na ushindi hausimuliwi kwa kunong'ona.

Jina lake Bakhtawara. Mama Bakhtawara, fundi wa magauni ya Wakochi, wale wafugaji wahamaji, mtaa wa nyuma ya soko la nguo. Alifariki Alhamisi iliyopita akiwa na miaka sabini na moja. Hakuingia darasani hata siku moja. Shikeni hilo: hakujua kusoma.

Kila msimu wa baridi, Wakochi wakiteremka na kondoo wao, wanawake walimletea magauni yaliyochakaa. Alifumua sarafu za fedha zilizoshonwa kifuani kama mapambo, akafua kitambaa, akazishona upya. Wengine walimlipa kwa sarafu moja moja, naye akaanza kuzikusanya. Mwanzoni alizipanga kwa ukubwa tu. Binti yake, Torpekai, ameniambia akicheka: "Mama aliweka za Mwajemi na za Mwingereza kopo moja. Nikamwambia, mama, hawa watapigana. Akasema, waache, wakichoka nitawatenganisha."

Akawatenganisha kwa sura. Rupia za Hindi za enzi ya Mwingereza alizipa majina kwa sura ya mtawala: Bibi ni malkia, Kipara ni mfalme asiyevaa taji, na Mwenye Taji ni mfalme aliyemfuata.

Sasa sikilizeni. Wakochi hawa hushona uso wa mfalme kwa ndani, wasije wakasali na sura ya mtu kifuani. Kwa hiyo kinachosuguliwa miaka yote ni upande wa nje, wenye maandishi na mwaka. Mwaka unafutika, uso unabaki. Na wauzaji wetu hutazama nini kwanza? Mwaka. Usiposomeka, sarafu inakwenda kwenye mizani kama fedha ya kuyeyusha.

Mama hakuweza kuusoma mwaka. Alitazama uso. Akagundua kwamba Mwenye Taji si mmoja. Kwenye joho la mfalme kuna ndovu mdogo kama punje ya dengu. Kwenye rupia nyingi, mkonga wake ni mrefu. Kwenye chache, mkonga ni mfupi na miguu ni mifupi, utadhani nguruwe. Hizo ni za mwaka wa kwanza wa mfalme yule. Waislamu walinung'unika kwamba ni nguruwe, mchoro ukarekebishwa. Hizo chache ndizo wakusanyaji wanazozitafuta.

Siku moja Spozhmai, mjane wa Kikochi, alipeleka rupia thelathini za gauni la mama yake kwa Haji Zarif, muuza sarafu. Ngamia wake alikuwa amekufa, na safari ya kupanda milimani ilikuwa karibu. Haji akazimwaga zote kwenye mizani. Mama Bakhtawara alikuwa amemsindikiza.

"Haji, toa hizi tatu. Si ndugu wa hizo nyingine."

"Dada, leo sindano umeiacha nyumbani?"

"Ninayo. Itakuchoma."

"Mwaka uko wapi hapa? Nisomee."

"Nikusomee mimi? Wewe uliyesoma umeona nini?"

Watu dukani wakacheka. Haji akachemka. "Na ukikosea?"

"Chukua cherehani yangu."

Torpekai alikuwa ubavuni mwake. "Nilimvuta shali," anasema. "Baba alishafariki. Cherehani ile ndiyo iliyotulisha. Nikamuuliza, mama, tutakula nini? Akanijibu, leo tunamla Haji."

Mama akaomba rupia moja tu: ile ya ndani ya kabati la vioo, ya mwaka wa kwanza, yenye mwaka safi, ambayo Haji aliwaonyesha wageni. Ikawekwa kitambaani pamoja na zile tatu. Sonara wa jirani, Qalandar, akaja na kioo cha kukuzia. Akatazama ya Haji. Akatazama tatu za Spozhmai. Akarudia, taratibu.

"Haji," akasema, "nguruwe ni wanne."

Haji akamnyang'anya kioo. Akatazama mwenyewe, muda mrefu. "Miaka kumi naisifu rupia hii," akasema. "Sijawahi kumtazama mnyama wake."

Spozhmai aliuza zile tatu tu, kwa bei ya wakusanyaji. Akaondoka na ngamia mpya, na rupia ishirini na saba za mama yake bado zake. Tangu siku ile, mtu akileta sarafu iliyofutika, Haji Zarif alimwambia, "Mpelekee dada yangu kwanza." Alisema hivyo mbele ya watu, na hakuona haya.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Torpekai na ndugu zake. Mungu amlaze Mama Bakhtawara mahali pema. Nanyi mlio na gauni la mama sandukuni, lifungueni leo. Kabla hamjamuuliza mtu lina uzito gani, geuzeni sarafu moja, mtazame kwa macho yenu.