Tong Shuhe, Aliyejua Gesi Ilikolala

"Mji huu utachemsha chai kwa gesi ya jiwe la volkano, na mkuu wetu Qiu Dianchen atanyweshwa kikombe cha kwanza." Hayo marehemu Tong Shuhe aliyasema mbele ya kantini nzima ya machimbo ya mafuta, baridi ya mwaka 1988, mkate wa mvuke mkononi. Watu walicheka. Baadhi yao wamo ukumbini humu, wamebandika ua jeupe la msiba kifuani.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 wilayani Nong'an, mkoa wa Jilin, mtoto wa tatu wa mtengeneza tofu ya soya. Alilima kama vijana wa rika lake, kisha mwaka 1978 akaingia chuo cha jiolojia mjini Changchun. Walipopelekwa Wudalianchi kutazama lava iliyoganda, wenzake walipiga picha. Yeye alirudi na begi la mawe. Nguo zilibaki kwenye nyumba ya wageni.

Alianza kazi mwaka 1982. Wakati huo wote walitafuta gesi kwenye mchanga, na mwamba wa volkano waliuita jiwe la kaburi. Marehemu alitia kwenye mchuzi tofu mbili mbele ya wenzake, moja laini, nyingine iliyoganda usiku kucha dirishani. Iliyoganda, yenye vitundu tele, ikanywa mchuzi wote. Akawaeleza kwamba lava ikimwagika mapovu hupanda, hivyo utamu uko sehemu ya juu, karibu na mdomo wa volkano. Tena sharti mvua na upepo viwe vimeichakaza kabla haijafukiwa, ardhi iipasue, na maji makali yapenye yaule mwamba. "Vitundu bila nyufa," alisema, "ni vyumba bila milango."

Mkuu wake, Bwana Qiu Dianchen, alichagua mahali lava ilipokuwa nene kuliko kote, kwa hoja kwamba chungu kikubwa ndicho chenye chakula. Akachimba kisima katikati ya unene huo. Kikavu. Marehemu akamwambia mkutanoni, "Mkuu, umetafuna mfupa, nyama umeiacha." Kwa neno hilo alihamishiwa ghala la mawe. Mwaka 1998 Bwana Qiu akachimba palepale marehemu alipopaonyesha mwaka 1988, juu ya lava, kando ya ufa mkuu. Gesi ilinguruma mpaka vioo vya kantini vikatetemeka. Tuzo akapokea Bwana Qiu. Marehemu hata hakualikwa.

Alimuoa Bi Yan Guizhi tarehe 1 Oktoba 1984, wakajaliwa binti, Tong Xue. Kila Mwaka Mpya Bwana Qiu alileta pea za kugandishwa, na kila mwaka marehemu aliziacha dirishani hadi zikaoza. Mkewe alimwuliza, "Baba Xue, pea zina kosa gani?" Akajibu, "Hazina kosa. Zimepotea nyumba."

Mapafu yalianza kumsumbua Agosti 2021. Alifariki hospitalini tarehe 14 Januari 2024, alfajiri. Neno lake la mwisho kwa binti yake lilikuwa hili: "Qiu akija, mkalishe mbele. Asije akasema hakusikia." Amekalishwa.

Kwa desturi yetu wasifu huandikwa na watu wa kazini. Juzi kamati ya mazishi, inayoongozwa na Bwana Qiu, ilileta karatasi iliyosema kwamba marehemu "alishiriki" kupata kile kisima. Xue alikuwa ameshika bakuli la udongo, lile ambalo mtoto asipolivunja mlangoni jeneza halitoki. Akalifunika kwa kitambaa, akalirudisha kabatini. Bwana Qiu akasema, "Hilo ni neno tu, mwanangu."

"Kama ni neno tu, Baba Mdogo, libadilishe."

Hakulibadilisha, alikubali tu wasifu usomwe na ndugu. Basi ndugu anasema: mahali pale alipaonyesha Tong Shuhe, peke yake, miaka kumi kabla kisima hakijachimbwa.

Ameacha mjane, binti, mkwe Luo Peiran, mjukuu mmoja, dada yake Tong Shuqin, na kisima kinachotoa gesi hadi leo. Yeye alale kwa utulivu. Kukosa usingizi amewaachia wanaostahili.

Shada la karatasi lenye jina la Bwana Qiu, lile la kushoto, ni la kukodi. Yuani themanini kwa asubuhi moja.