Vizimba Sita vya Mama Sunim

Wasikilizaji wapendwa, salamu zenu na umbea wa soko la samaki leo vitasubiri. Tumempoteza Mama Sunim. Ok Jeomrye, mfugaji samaki wa hapa hapa pwani ya Tongyeong, amefariki Jumatatu akiwa na miaka sabini na minne.

Miaka thelathini na mmoja aliishi juu ya chelezo, jukwaa linaloelea baharini, kwenye kibanda kilichozungukwa na vizimba sita vya samaki. Kutoka ilikuwa kazi. Nani abaki na samaki? Kwenye harusi ya bintiye mwenyewe, Sunim, aliondoka kabla tambi hazijaletwa mezani.

Agosti ya mwaka juzi bahari ilifika nyuzi ishirini na tisa. Nilikwenda kumhoji. Akanisikiliza weee, kisha akaniambia, "Mtangazaji, mdomo wako ungekuwa pampu ya hewa, samaki wangu wangepona."

Wafugaji mnajua. Maji yakipata moto, samaki hapewi chakula. Tumbo likianza kusaga, pumzi inamwishia. Siku kumi na mbili Mama Sunim hakuwapa kitu. Kibali cha kuwaachia baharini kilikuwa mfukoni mwa aproni yake. Kuwaachia ni kutupa kazi ya miaka mitatu. Kutowaachia ni kukaa ukiwatazama wakifa. Akakaa.

Halafu ikafika siku ya kumbukumbu ya marehemu mumewe. Akamwandalia meza ya marehemu, kama desturi yetu, pale pale chelezoni: wali, supu, mapeasi, kikombe cha pombe ya mchele. Sunim alikuwepo. Anasema: "Mama aliitazama picha ya baba, akawatazama samaki. Akasema, 'Huyu amekufa na anakula. Hawa wazima wanalala njaa.' Akawamwagia wa kizimba cha kwanza bakuli moja la chakula chao. Moja tu."

Bakuli moja, wasikilizaji. Asubuhi kizimba cha kwanza kilikuwa cheupe chote, matumbo juu.

Hakulia. Alichukua kisu, akakata nyavu za vizimba vitano vilivyobaki. Baadhi ya samaki walitoka. Wengi hawakutoka. Walibaki wakizunguka pale pale, mviringo ule ule, kana kwamba nyavu bado zipo. Jirani yake wa chelezo cha pili alimsikia akiwaambia taratibu, "Nendeni basi. Mbona mnaniangalia?"

Sunim akamchukua, akamweka kwake, ghorofa ya kumi na moja. Wenye maneno wakasema sasa bibi anastarehe. Sunim anasema hivi: "Alikuwa anazunguka sebuleni. Namfungulia mlango, namwambia, Mama, shuka ukapate hewa. Ananijibu, 'Subiri kidogo.'"

Nami nina la kuungama. Oktoba ile alipiga simu hapa studio, si kuomba wimbo. Alijua nyumba yangu inatazama vyelezo. Akaniuliza, "Wameshaondoka?"

Nikamwambia wameondoka, Mama, wote. Akavuta pumzi ndefu, akanishukuru.

Asubuhi ile ile nilikuwa nimewaona. Walikuwa wanazunguka.

Sunim, wewe na mumeo na watoto, poleni sana. Mtaa mzima tuko nanyi, na kesho tutajaa kwenu mpaka viatu vikose nafasi mlangoni. Na wewe mfugaji unayenisikiliza ukiwa umekaa ukingoni mwa kizimba, kipimajoto mkononi: zima redio kidogo, mpigie mtu simu. Usimwulize habari za samaki. Mwambie aje mkae wawili.